Mauaji Yenye Jina la Genge Huko California: Miaka Inavyopandishwa na Rufaa Inavyokatwa

Chukua kesi ya aina hii, ambayo mahakama za California huzisikiliza mara kwa mara. Kijana wa miaka 21 yuko kwenye gari na wenzake wawili. Mmoja anashuka, anafyatua risasi, mtu anakufa. Kijana wetu hakushika bunduki wala hakushuka garini. Kesi inapokwisha, jaji anasoma adhabu: miaka 25 hadi maisha kwa mauaji ya daraja la kwanza, halafu miaka mingine 25 hadi maisha kwa ajili ya bunduki, moja baada ya nyingine. Jumla, 50 hadi maisha: kwa kawaida hafikiriwi kuachiwa kabla ya miaka 50, na huenda asiachiwe kamwe. Familia inatoka nje ikiuliza: hiyo 25 ya pili imetoka wapi, na bunduki hakuwa nayo?

Imetoka kwenye neno genge. Katika sheria ya California neno hilo halikai mahali pamoja. Linaongeza miaka lenyewe, linamhamishia mtu adhabu ya bunduki ya mwenzake, na linaweza kugeuza kifungo cha maisha kuwa cha kufia gerezani. Ndiyo maana wakili mzuri wa rufaa huanza hapo. Uamuzi wa juri (raia walioteuliwa kuamua hatia) kwamba kosa lilikuwa la genge ukitenguliwa, kuna miaka mingine inayoanguka pamoja nao.

Mwongozo huu unaihusu California peke yake. Kila jimbo la Marekani lina kanuni yake ya adhabu, kwa hiyo usichukue tarehe na vifungu vya humu ukavipeleka Texas au Minnesota. Na wakili bado unamhitaji. Kazi ya maelezo haya ni kukuwezesha kumuuliza maswali ya maana, na kujua siku ambazo hazipaswi kupita.

Hatua ya 1: Soma hukumu mstari kwa mstari

Omba nakala ya muhtasari wa hukumu. Kwa vifungo vya maisha ni fomu CR-292, karatasi chache ambazo gereza huzitumia kuhesabu tarehe zote za mfungwa. Isome kama risiti ya duka usiloliamini.

Mstari wa kwanza ni mauaji yenyewe. Daraja la kwanza ni miaka 25 hadi maisha, la pili ni 15 hadi maisha.

Kisha tafuta kifungu cha 12022.53 cha Kanuni ya Adhabu. Hiki ndicho cha bunduki, kilichoanza kutumika mwaka 1998. Kinaongeza miaka 10 kwa kuitumia silaha, 20 kwa kuifyatua, na 25 hadi maisha kwa kuifyatua na kuua au kujeruhi vibaya. Kwa kawaida nyongeza hii humwangukia aliyeishika silaha. Lakini kifungu kidogo cha (e)(1) kinasema kwamba kama kosa lilithibitishwa kuwa la genge chini ya kifungu cha 186.22, basi kila mshiriki wa kosa, hata aliyesaidia tu, anabeba adhabu ya bunduki hata kama ni mwenzake aliyefyatua. Hapo ndipo 25 ya pili ya kijana wetu ilipotoka.

Mstari wa tatu ni 186.22 yenyewe, sheria ya magenge ya mwaka 1988. Kwa kosa la kikatili lenye adhabu ya miaka maalumu, inaongeza miaka 10. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni maisha, haiongezi hiyo 10. Inaweka tu sharti kwamba mfungwa asifikiriwe parole, yaani kuachiwa kwa masharti, kabla ya miaka 15. Mahakama ya Juu ya California ililiweka hili wazi katika kesi ya Lopez mwaka 2005. Kwa hiyo ukiona miaka 25 hadi maisha ya daraja la kwanza halafu 10 ya genge imepachikwa juu yake, mwandikie wakili siku hiyo hiyo. Hiyo ni adhabu isiyoruhusiwa na sheria, na adhabu ya namna hiyo inaweza kusahihishwa hata kama hakuna aliyepinga siku ya hukumu.

Mstari wa nne, ukiwapo, ndio mzito kuliko yote: 190.2(a)(22). Uliletwa na kura ya wananchi ya Machi 2000 iliyoitwa Pendekezo la 21. Mshiriki hai wa genge aliyeua kwa kukusudia ili kuendeleza shughuli za genge anaweza kuhukumiwa kifungo cha maisha bila parole, au kifo. Hukumu ya kifo ina njia yake ya rufaa, inayokwenda moja kwa moja na yenyewe hadi Mahakama ya Juu ya jimbo. Humu hatutaigusa.

Mwisho, hesabu siku za mahabusu. Aliyehukumiwa kwa mauaji hapati punguzo la tabia njema kwa siku alizokaa ndani kabla ya hukumu, lakini kila siku halisi, kuanzia ya kukamatwa hadi ya kuhukumiwa, lazima ihesabiwe. Makarani hukosea hapa, na kosa la hesabu hurekebishwa kwa barua ya wakili.

Hatua ya 2: Siku 60

Taarifa ya kukata rufaa hupelekwa kwenye mahakama ile ile ya kaunti iliyotoa hukumu, ndani ya siku 60 tangu siku ya hukumu. Fomu ni CR-120. Haidai hoja yoyote ya kisheria. Unachosema ni kwamba unakata rufaa na unaomba wakili.

Wengi wetu tumezoea muda mwingine. Tanzania, taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30. Kenya ni 14. Siku 60 zinaonekana nyingi, na ndiyo hatari yake: wakili wa kesi ya kwanza anadhani familia imepeleka, familia inadhani wakili amepeleka. Wakili aliyetetea kesi humalizia kazi yake hapo hapo mahakamani siku ya hukumu, isipokuwa kwa jambo hili moja, na ni haki yako kumuuliza kwa maandishi: umeipeleka, tarehe ngapi, naomba nakala yenye muhuri.

Ikichelewa, karani huigonga muhuri wa kupokelewa lakini haiiandikishi. Mlango haujafungwa kabisa. Mfungwa aliyewakabidhi askari magereza bahasha yake ndani ya siku 60 anahesabiwa amewahi, hata kama posta ilichelewa. Na tangu kesi ya Benoit ya mwaka 1973, aliyeahidiwa na wakili wake kwamba taarifa itapelekwa, akategemea ahadi hiyo, anaweza kuiomba Mahakama ya Rufani imhesabu kuwa aliwahi. Ndiyo sababu ya kutunza kila barua.

Aliyekiri kosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka ana mlango mwembamba zaidi. Akitaka kupinga kukiri kwenyewe, lazima jaji wa kesi atie saini cheti kinachosema kuna hoja ya kusikilizwa. Kupinga adhabu tu huwa hakuhitaji cheti hicho, ila makubaliano mengi huwa na sharti la kuachia haki ya rufaa. Yasome kwanza.

Hatua ya 3: Wakili wa rufaa na mwenendo wa kesi

Asiye na fedha hupewa wakili wa rufaa bila malipo. California ina mahakama sita za rufaa za kanda, na kila kanda ina taasisi inayosimamia mawakili hawa: San Diego, Riverside na Kaunti ya Orange wako chini ya Appellate Defenders, Los Angeles wako chini ya California Appellate Project, na kadhalika. Jina la wakili huja kwa barua kwa mfungwa. Atakayekupigia simu kutaka maelfu ya dola ili "afungue faili", mwambie asubiri hadi uzungumze na wakili aliyeteuliwa.

Rufaa inaishi ndani ya mwenendo wa kesi: nyaraka za karani, na kila neno lililosemwa mahakamani kama mwandishi wa mahakama alivyolinasa. Kisichokuwemo humo, kwa Mahakama ya Rufani hakikutokea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya familia ni kukumbuka. Kulikuwa na mazungumzo pembeni kwa jaji ambayo hayamo? Video iliyoonyeshwa kwa juri imeambatishwa? Barua ambayo juri walimwandikia jaji wakiwa chumbani? Wakili anaweza kuomba nyongeza, lakini hakuwepo. Nyinyi mlikuwepo.

Na hapa niseme jambo linalotuhusu sisi waongea Kiswahili. Katiba ya California, ibara ya 1 kifungu cha 14, inampa mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza haki ya mkalimani katika kesi nzima. Mtu wa Uvira au Lubumbashi akiletewa mkalimani wa Kiswahili cha Mombasa, anaweza kutikisa kichwa kwa adabu huku nusu ya maneno inampita. Kama hilo lilitokea, au mkalimani alikosekana siku fulani, andika siku, shahidi aliyekuwa kizimbani, na nani alilalamika. Kama hakuna aliyelalamika, andika hilo pia.

Hatua ya 4: Elewa rufaa hii haifanyi nini

Afrika Mashariki, mahakama ya rufaa ya kwanza hupima ushahidi upya. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, mrufani wa Kenya ana haki ya kutarajia ushahidi wote uchunguzwe upya na mahakama ifikie uamuzi wake. California hawafanyi hivyo. Majaji watatu wanasoma maandishi, wanaupokea ushahidi kwa namna inayoupendelea uamuzi wa juri, na wanauliza kama mtu mwenye busara angeweza kufikia uamuzi ule. Kusema "shahidi alidanganya" hakusaidii. Kumleta shahidi mpya hakuruhusiwi.

Hata kosa la kisheria likipatikana, wanauliza lilidhuru kiasi gani. Kosa dhidi ya Katiba ya Marekani hupimwa kwa kipimo cha kesi ya Chapman ya mwaka 1967: upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuonyesha, bila kuacha shaka, kwamba kosa halikuathiri uamuzi. Kosa la sheria ya jimbo hupimwa kwa kipimo cha Watson cha mwaka 1956, na hapo mzigo uko kwa mrufani. Kesi nyingi hufia kwenye tofauti ya vipimo hivi viwili.

Hatua ya 5: Shambulia neno genge

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo sheria ilipobadilika zaidi. Tangu Januari 1, 2022, muswada AB 333 umepandisha kiwango cha ushahidi. Wakili anapaswa kupitia kila sharti moja moja.

Genge lazima liwe kundi lenye mpangilio, la watu watatu au zaidi. Lazima yathibitishwe makosa ya awali yasiyopungua mawili ya watu wa genge hilo, la mwisho likiwa limetendeka ndani ya miaka mitatu kabla ya kosa linaloshtakiwa, na kosa lenyewe linaloshtakiwa halihesabiwi tena. Makosa hayo, pamoja na kosa la sasa, yawe yalilinufaisha genge kwa jambo lililo zaidi ya sifa. Sheria inataja mifano: fedha, kulipiza kisasi, kumlenga hasimu, kumtisha au kumnyamazisha shahidi. Zamani mtaalamu wa polisi alisema "mauaji haya yanalipa genge heshima mtaani" na mambo yakaisha. Siku hizi sentensi hiyo peke yake haitoshi.

Mahakama ya Juu ya California imekuwa ikiyafafanua haya kesi baada ya kesi. Tran (2022) ilisema mabadiliko yanawafikia wote ambao hukumu zao hazikuwa za mwisho, yaani rufaa zilikuwa hazijaisha, yalipoanza. Cooper (2023) ilitengua nyongeza ya genge kwa sababu juri hawakuelekezwa kwamba faida iwe zaidi ya sifa. Rojas (2023) iliruhusu ufafanuzi mpya utumike hata kwenye kile kifungu cha maisha bila parole kilicholetwa na kura ya wananchi. Clark (2024) ilidai makosa ya awali yaunganishwe na genge kama chombo kimoja, isiwe vijana wawili wa mtaa mmoja ambao kila mtu aliiba kwa tumbo lake. Lakini Burgos (2024) ilifunga mlango mmoja: haki ya kusikiliza suala la genge kando, baada ya hatia kuamuliwa, haiwafikii ambao kesi zao zilishasikilizwa kabla ya 2022. Kwa kesi za baadaye haki hiyo ipo, kifungu cha 1109, utetezi ukiiomba. Kama wakili wa kesi hakuiomba, muulize kwa nini.

Turudi kwa mtaalamu wa polisi, kwa sababu kesi hizi zimejengwa mgongoni mwake. Ni askari wa kikosi cha magenge anayewaeleza juri alama za mikono, rangi, michoro ya ukutani, na nani ni mwanachama. Anaruhusiwa kueleza mambo ya jumla. Tangu kesi ya Sanchez ya mwaka 2016, haruhusiwi kusimulia kama ukweli mambo mahususi ya kesi aliyoyasoma kwenye ripoti za wenzake, kama vile "tarehe fulani mshtakiwa alikiri mbele ya askari mwingine kuwa ni wa genge." Huo ni ushahidi wa kuambiwa. Valencia (2021) ikaongeza kwamba hata makosa ya awali ya genge lazima yathibitishwe kwa ushahidi unaojitegemea, yaani rekodi za mahakama au mashahidi waliokuwepo. Kaa na wakili mpitie ushahidi wa askari huyo ukurasa kwa ukurasa, mkiuliza kila sentensi: haya aliyaona, au aliambiwa?

Nyimbo nazo. Upande wa mashtaka hupenda kuwachezea juri video za rapu. Tangu Januari 2023, kifungu cha 352.2 cha Sheria ya Ushahidi kinamtaka jaji azingatie kwanza jinsi kazi ya sanaa inavyoweza kuwajaza juri chuki, ikiwemo ya kikabila na ya rangi, kabla ya kuiruhusu. Mimi naona hii ni hoja inayodharauliwa na mawakili wengi wa kesi, labda kwa sababu wao wenyewe hawausikilizi huo muziki.

Nini kinatokea uamuzi wa genge ukitenguliwa? Kwa kijana wetu wa garini, 25 ya bunduki inaanguka nao, kwa kuwa ilimfikia kupitia (e)(1). Anabaki na 25 hadi maisha. Ila usishangilie mapema: uamuzi ukitenguliwa kwa sababu sheria ilibadilika, upande wa mashtaka huruhusiwa kujaribu kuuthibitisha upya kwa kiwango kipya. Wengine hujaribu. Wengine huona mashahidi wametawanyika na kuachana nao.

Hatua ya 6: Bunduki, hata genge likibaki

Zamani jaji hakuwa na hiari juu ya 12022.53. Tangu Januari 1, 2018, muswada SB 620 umempa uwezo wa kuifuta nyongeza hiyo kwa ajili ya haki, na kesi ya Tirado (2022) ikaongeza kwamba anaweza kushuka ngazi, akaweka 20 au 10 badala ya 25 hadi maisha. Angalia mwenendo wa siku ya hukumu: jaji alijua ana hiari hiyo? Kama alisema "mikono yangu imefungwa", hiyo ni hoja ya kurudisha kesi ahukumu upya. Kama alijua akakataa, hoja inakuwa nyembamba sana.

Hatua ya 7: Maandishi, na baada ya kushindwa

Mwenendo wa kesi ukishafika Mahakama ya Rufani, wakili ana siku 40 kuwasilisha hoja, Mwanasheria Mkuu wa jimbo siku 30 kujibu, na wakili siku 20 kujibu tena. Kwenye kesi ya mauaji muda huongezwa karibu kila mara. Wakili asipoona hoja yoyote, atawasilisha andiko la Wende (kesi ya 1979), nayo mahakama itapitia faili yenyewe. Mfungwa hupewa nafasi ya kuandika yake. Aitumie.

Uamuzi ukija vibaya, kuna siku 15 za kuomba majaji watatu waufikirie upya. Uamuzi huwa wa mwisho katika mahakama hiyo baada ya siku 30, na ombi la kwenda Mahakama ya Juu ya California lina siku 10 tu baada ya hapo. Mahakama hiyo hukataa maombi mengi mno, lakini ombi lipelekwe tu, kwa sababu asiyelipeleka hawezi kupeleka hoja zile zile mahakama ya shirikisho. Baada ya kukataliwa kuna siku 90 za kuomba Mahakama ya Juu ya Marekani, na zikiisha hizo, saa ya mwaka mmoja ya habeas corpus ya shirikisho, yaani ombi la kupinga uhalali wa kifungo, inaanza kugonga. Sheria ya mwaka 1996 ndiyo iliyouweka mwaka huo, na haina huruma.

Hatua ya 8: Kama rufaa ilishaisha zamani

Kwa aliyefungwa mwaka 2003 au 2011, AB 333 peke yake haimfikii. Kinachoweza kumfikia ni kifungu cha 1172.6, kinachomruhusu kuomba hukumu ya mauaji ifutwe kwa kuwa sheria ya mauaji imebadilika.

Zamani ilitosha kusema: mlikwenda kupigana ngumi na mahasimu, mmoja wenu akachomoa kisu, na kifo ni matokeo ya kawaida ya ugomvi wa magenge, basi wote ni wauaji. Kesi ya Chiu (2014) iliiondoa nadharia hiyo kwenye mauaji ya daraja la kwanza. Muswada SB 1437, kuanzia Januari 1, 2019, ukaiondoa kwenye mauaji yote: dhamira ovu lazima iwe ya mtu mwenyewe, haiazimwi kwa mwenzake. SB 775, kuanzia 2022, ukawaingiza waliofungwa kwa jaribio la kuua chini ya nadharia hiyo, na waliokubali kosa la kuua bila kukusudia ili wakwepe kesi ya mauaji.

Ombi hupelekwa mahakama iliyohukumu, na nakala kwa mwendesha mashtaka wa kaunti na kwa wakili wa zamani au ofisi ya mawakili wa umma. Liwe na namba ya kesi, mwaka wa kutiwa hatiani, tamko la mfungwa kwamba chini ya sheria ya sasa asingeweza kutiwa hatiani, na mstari unaosema anaomba wakili. Mstari huo usisahaulike. Ombi likikamilika mahakama inampa wakili (Lewis, 2021), mwendesha mashtaka ana siku 60 kujibu, na mwombaji siku 30 kujibu tena. Jaji huamua kwanza kama kuna hoja ya kuanzia. Ikiwepo, kinafanyika kikao cha ushahidi, na hapo upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha hatia, bila kuacha shaka, chini ya sheria ya sasa.

Familia nyingi huambiwa: juri walikubali kifungu cha 190.2(a)(22), maana yake walimkuta alikusudia kuua, kwa hiyo ombi limekufa. Haikuwa hivyo katika kesi ya Curiel (2023). Mahakama ya Juu ilisema kusudio la kuua peke yake halijibu maswali yote, kwa sababu juri wangeweza kumtia hatiani kwa nadharia ya zamani bila kuamua kama kweli alisaidia mauaji yenyewe. Na katika kesi ya Reyes (2023), iliyomhusu mtu aliyekuwa na miaka 15, mahakama ilisema kwamba kuwa katika kundi lililokwenda upande wa mahasimu, mwenzake akaua, hakukutosha kuonyesha dhamira ovu ya kwake.

Kwa aliyefyatua risasi mwenyewe, ombi hili halina faida. Asipeleke kwa kubahatisha, maana mfungwa akitoa ushahidi kwenye kikao, maneno yake yanabaki kwenye rekodi, na bodi ya parole husoma.

Njia nyingine niziseme kwa ufupi. Ushahidi mpya, au wakili aliyezembea, huletwa kwa ombi la habeas corpus ya jimbo, ambayo tofauti na rufaa inapokea mambo yaliyo nje ya mwenendo wa kesi. Sheria ya Haki ya Rangi, kifungu cha 745, tangu Januari 2024 imefunguliwa kwa kila aliye kwenye gereza la jimbo kwa kosa kubwa: inamruhusu kuonyesha kwamba watu wa rangi, kabila au asili ya taifa lake walishtakiwa au kuhukumiwa kwa ukali zaidi kuliko wengine waliofanya yale yale. Shitaka la genge ni mahali pa kwanza pa kuchungulia. Na kifungu cha 1172.1 kinamruhusu jaji kuiita hukumu irudi iwapo sheria ya adhabu imebadilika, ingawa mfungwa hana haki ya kulazimisha.

Hatua ya 9: Wakati mnasubiri

Simu za gerezani zinarekodiwa. Kila mtu anaambiwa, na bado watu wanazungumzia kesi humo, hata kwa Kiswahili, wakidhani hakuna atakayeelewa. Watafsiri wapo. Mambo ya kesi yaende kwa barua ya wakili, ambayo ni ya siri kisheria. Ndugu wa nje nao waache kuweka mitandaoni picha zenye alama za mikono na maneno ya kulipiza. Yule askari mtaalamu anazitazama, na kesi ikirudi kusikilizwa upya, zitakuwa kielelezo.

Hatua ya 10: Umri, na makaratasi ya utotoni

Aliyekuwa na miaka 25 au chini yake siku ya tukio ana haki ya kikao cha parole ya vijana, kifungu cha 3051. Kwa adhabu ya 25 hadi maisha au zaidi, kikao ni katika mwaka wa 25 wa kifungo. Kwa hiyo kijana wetu wa miaka 21, hata akibaki na 50 hadi maisha, atasimama mbele ya bodi katika mwaka wa 25. Wa maisha bila parole hupata nafasi hiyo ikiwa tu alikuwa chini ya miaka 18. Kesi ya Hardin (2024) ilikataa kuwapa haki hiyo waliokuwa na miaka 18 hadi 25.

Kesi ya Franklin (2016) inampa mfungwa wa kundi hili nafasi ya kuweka kwenye rekodi, mapema, ushahidi wa utoto wake, kabla walimu hawajafa na majirani hawajahama. Kama haikufanyika siku ya hukumu, inaombwa baadaye kwa mahakama ile ile. Kusanyeni kadi za kliniki, ripoti za shule, karatasi za UNHCR za Nyarugusu au Kakuma, rekodi za hospitali za majeraha ya vita, vyeti vya vifo vya wazazi. Mzee aliyemlea na aandike barua kwa mkono wake, kwa Kiswahili chake, aeleze alichokiona: kijana alipoteza nani, alikuwa na umri gani alipofika Marekani, ni nani walikuwa wa kwanza kumkaribisha mtaani na kwa nini aliwafuata. Barua itiwe saini na tarehe, iambatishwe na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko na saini ya mtafsiri, na nakala moja ibaki nyumbani.